Jua la Ufipa Chini ya Hewa Baridi: Mkimbiaji na Losheni ya Kukinga Jua

Mwili wa binadamu hauna kiungo kinachohisi mionzi ya urujuanimno, yaani ile sehemu ya mwanga wa jua isiyoonekana kwa jicho, ambayo huunguza ngozi, huizeesha na, kwa baadhi ya watu, huisababishia saratani. Kinachohisiwa ni joto, na joto ni jambo jingine. Tofauti hiyo haisumbui sana katika miji ya pwani, ambako jua kali na joto kali huja pamoja, lakini ina uzito wa pekee Sumbawanga, mji uliojengwa juu ya uwanda wa Ufipa, takriban mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, kati ya Ziwa Tanganyika na bonde la Ziwa Rukwa. Katika miezi ya kipupwe upepo huvuma kwenye nyika hiyo ya nyasi yenye miti michache, jasho hukauka kabla halijatiririka, na mkimbiaji aliyetoka na sweta hurudi akiamini kwamba siku nzima jua lilikuwa pole.

Hewa ni chujio, na anayepanda juu huacha sehemu ya chujio hilo chini yake. Kwa kila mita 1,000 za mwinuko urujuanimno huongezeka kwa takriban asilimia 10, hivyo anga likiwa jeupe pande zote mbili, mtu wa Sumbawanga hupokea karibu moja ya tano zaidi ya mtu wa Mafia, kisiwa cha pwani kilicho takriban katika latitudo ileile. Tabaka la ozoni, gesi ya juu angani inayomeza sehemu kubwa ya mionzi hiyo, nalo ni jembamba zaidi katika ukanda wa tropiki kuliko katika nchi za kaskazini. Shirika la Afya Duniani hupima nguvu ya urujuanimno kwa namba zinazoanzia 0, na kuanzia 11 kwenda juu huita hali hiyo kali kupita kiasi. Katikati ya Oktoba, jua linapopita wima juu ya Ufipa, adhuhuri isiyo na mawingu huivuka namba hiyo. Hata mwezi Juni, ambapo wakazi huota moto jioni, jua la mchana hufika nyuzi 58 na nusu juu ya upeo, pungufu ya nyuzi 3 au 4 tu kuliko jua la London katika kilele cha majira yake ya joto.

Adhuhuri yenyewe inahitaji kutazamwa upya. Saa za Afrika Mashariki zimepangwa kwa kufuata longitudo ya nyuzi 45, ambayo iko mbali mashariki ya Tanzania, ilhali Sumbawanga iko kwenye nyuzi 31 na nusu hivi, na kila nyuzi moja ni dakika 4. Kwa hiyo jua la mji huo halifiki juu kabisa saa 6 mchana, bali kati ya saa 6:37, mwanzoni mwa Novemba, na saa 7:08, katikati ya Februari. Ushauri wa jumla unaonakiliwa kutoka nchi nyingine, kwamba mtu ajihadhari kuanzia saa 4 hadi saa 8, humwacha mkimbiaji wa Ufipa akiingia barabarani saa 8:15 mchana kwa moyo mweupe, wakati jua bado liko karibu na kilele chake.

Kivuli ni saa ya kuaminika zaidi. Kivuli cha mtu kikiwa kifupi kuliko urefu wake, jua limepita nyuzi 45 na urujuanimno ni mkali. Kikiwa kirefu kuliko yeye, ukali umepungua. Mwezi Oktoba hali ya kivuli kifupi hudumu Sumbawanga kuanzia saa 3:40 asubuhi hadi saa 9:40 alasiri, na mwezi Juni kuanzia saa 4:45 hadi saa 9:05 hivi. Kwa kuwa jua la Juni huchomoza takriban saa 1:05 asubuhi na kuzama saa 12:45 jioni, mtu anayekimbia kwa muda wa saa moja na nusu anaweza kuzimaliza mbio zake zote kabla au baada ya saa za kivuli kifupi bila kufungua chupa yoyote. Hiyo ndiyo kinga ya kwanza, na haiuzwi dukani.

Suala la nani hasa anahitaji losheni hujibiwa vibaya mara nyingi, ama kwa kusema kwamba ngozi nyeusi haihitaji chochote, ama kwa kuhamisha maonyo ya watu weupe yalivyo. Melanini, rangi asilia ya ngozi, huzuia sehemu kubwa ya urujuanimno, na saratani za ngozi zinazoletwa na jua ni nadra kwa watu weusi. Utafiti mashuhuri ulioanza mwaka 1992 katika mji wa Nambour, Australia, ulionyesha kwamba kupaka losheni kila siku kulipunguza aina moja ya saratani hizo kwa takriban asilimia 40, lakini ulifanywa katika jamii ya watu weupe, na kuuhamishia kwa mkulima wa Ufipa anayekimbia jioni ni kuutwisha mzigo usio wake. Kwa mkimbiaji mweusi mwenye afya, faida iliyo wazi zaidi ni kupunguza madoa meusi ya usoni na uzee wa mapema wa ngozi.

Wapo ambao hesabu yao ni tofauti kabisa. Watu wenye ualbino, ambao miili yao hutengeneza melanini kidogo mno, wanahitaji kinga kila wanapotoka mchana, wakimbie wasikimbie. Wanaotumia mkorogo, ule mchanganyiko wa krimu za kung'arisha ngozi, wameubomoa wenyewe ukuta waliozaliwa nao, na kukimbia mchana baada ya kuupaka ni kuiweka ngozi hatarini mara mbili. Kuna pia dawa zinazofanya ngozi iungue upesi, kama vile doksisaiklini na baadhi ya dawa za shinikizo la damu zinazoongeza mkojo; anayezimeza humuuliza mfamasia kabla ya kukimbia mchana.

Chupa ikinunuliwa, herufi SPF zilizoandikwa mbele yake ni kipimo cha kinga dhidi ya mionzi inayounguza: losheni ya SPF 30, ikipakwa kwa kiasi cha maabara, hupitisha sehemu 1 kati ya 30 ya mionzi hiyo, na ya SPF 50 hupitisha sehemu 1 kati ya 50, yaani ya kwanza huzuia karibu asilimia 97 na ya pili asilimia 98. Tofauti ni ndogo kuliko tofauti ya bei. Muhimu zaidi ni kwamba SPF haisemi lolote la kutosha kuhusu urujuanimno wa mawimbi marefu, uitwao UVA, unaopenya ndani zaidi ya ngozi. Kwa hiyo hutafutwa alama ya UVA, ambayo kwenye bidhaa za Ulaya huwa ndani ya duara. Losheni zenye zinki oksaidi au titani dioksaidi, unga wa madini unaobaki juu ya ngozi, haziwashi macho sana, ila huacha weupe kama wa chokaa kwenye uso mweusi. Zile zenye rangi ya udongo, iliyotokana na oksidi za chuma, huondoa kasoro hiyo na huzuia pia mwanga unaoonekana, ambao nao huchochea madoa kwenye ngozi nyeusi.

Kasoro kubwa ya losheni iko kwenye kiasi, na hesabu yake ni rahisi. Maabara hupaka miligramu 2 kwa kila sentimita mraba. Mtu mzima ana ngozi ya takriban mita mraba 1.7, na anayekimbia kwa fulana isiyo na mikono na kaptula huacha wazi karibu nusu yake, yaani sentimita mraba 8,500, zinazohitaji gramu 17, vijiko vya chai vitatu na nusu. Chupa ya mililita 100 humalizika kwa mbio sita, kabla ya kuhesabu kurudia kupaka. Wengi hupaka nusu ya kiasi hicho au pungufu, na kinga iliyoandikwa kwenye chupa hushuka kwa kiasi kikubwa. Mkimbiaji yuleyule akivaa shati jepesi la mikono mirefu, suruali ya mazoezi na kofia yenye ukingo, ngozi iliyobaki wazi ni uso, shingo, masikio na viganja, na chupa humtosha zaidi ya mara 25. Nguo nzuri ni ile ambayo ikiinuliwa kuelekea juani haionyeshi mwanga kupitia nyuzi zake. Fulana nyeupe ya pamba iliyolowa jasho hushindwa jaribio hilo.

Losheni hupakwa dakika 15 hadi 30 kabla ya kutoka ili utando wake ushike, na nyuma ya masikio, kisogo na mdomo wa chini hukumbukwa, kwa kuwa ndiyo sehemu zinazosahauliwa. Maandishi ya kustahimili maji hutaja dakika 40 au 80, na jasho la kupanda milima ya Mbizi, jirani na Sumbawanga, halingoji zaidi. Baada ya saa 2 hurudiwa kwa vyovyote. Mafuta ya mgando, ambayo wakimbiaji hupaka mapajani kuzuia michubuko, hayana kinga ya maana dhidi ya jua, na yakipakwa juu ya losheni huitelezesha. Chupa iliyopangwa mbele ya duka, juani, haifai kununuliwa hata kama tarehe yake haijapita, na losheni iliyojitenga maji upande mmoja na mafuta upande mwingine hutupwa.

Kwa mtoto mwenye ualbino ipo Kilisun, losheni inayotengenezwa Moshi, katika kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichopo Hospitali ya KCMC, kwa ajili ya watu wenye ualbino. Katika mbio za shule, hata hivyo, mkosaji si mchakamchaka wa alfajiri, unaokwisha kivuli kikiwa bado kirefu. Siku ya mashindano, kwenye Uwanja wa Nelson Mandela mjini Sumbawanga au kiwanja chochote cha kata, mbio za mita 800 huchukua dakika chache tu, lakini mtoto huyo hukaa saa 4 au 5 kandokando ya uwanja akingoja zamu yake, na hapo ndipo anapoungua. Hema moja au mwembe mmoja wa kumkalisha chini yake humfaa kuliko losheni yoyote, na mwalimu anayepanga ratiba anaweza kuiweka zamu yake ya kwanza.