Kolesteroli Ndogo Haimaanishi Mtoto Mzima

Mzazi wa Katogota, katika bonde la Ruzizi nchini Kongo, mwenye ndugu Ulaya huenda amesikia watoto wa huko wakikatazwa chipsi kwa sababu kolesteroli yao imevuka miligramu 200 kwa desilita. Mtoto wake mwenyewe akipimwa damu na kuambiwa kolesteroli iko chini kabisa, atashukuru. Asiharakishe.

Kolesteroli si sumu. Mwili huitumia kujenga seli, homoni na nyongo, na sehemu kubwa hutengenezwa na ini. Lakini mafuta hayatembei peke yake katika damu. Hubebwa na protini. Mtoto akiachishwa ziwa mapema kwa sababu mama ana mimba nyingine, akashindishwa bugali wa mihogo bila ndagala wala maharagi, wabebaji hao hupungua. Mafuta hukwama ndani ya ini nalo huvimba, huku damu ikionyesha kolesteroli ndogo. Huyo ni mtoto wa bwaki, utapiamlo unaovimbisha mwili.

Mizani nayo humficha, kwa kuwa maji yaliyojaa mwilini yana uzito. Ndiyo maana muuguzi makini humbonyeza kwa kidole gumba juu ya miguu yote miwili kwa sekunde tatu. Shimo likibaki pande zote mbili, mtoto ana utapiamlo mkali, hata kama utepe wa kupimia unene wa mkono umesoma kijani, rangi ya usalama.

Wengine hujifariji kwamba watoto wetu ni wadogo kwa asili. Siafiki. Vipimo vya ukuaji ambavyo Shirika la Afya Duniani lilitoa mwaka 2006 vilitokana na watoto wa Brazil, Ghana, India, Norway, Oman na Marekani. Walionyonyeshwa na kutunzwa vizuri walirefuka karibu sawa. Kongo, zaidi ya watoto 4 kati ya 10 walio chini ya miaka mitano wamedumaa, na chanzo ni chakula, maradhi ya mara kwa mara na vita vilivyowaondoa watu mashambani.

Madhara hayaishii utotoni. Watafiti waliwafuatilia watu wazima waliotibiwa utapiamlo mkali wakiwa watoto katika hospitali ya Lwiro, kaskazini mwa Bukavu, kati ya 1988 na 2007. Matokeo yaliyochapishwa 2021 yalionyesha kwamba wao, kuliko wenzao, walikuwa na mafuta mengi zaidi tumboni na hitilafu zaidi za sukari mwilini. Aliyekosa chakula akiwa mdogo ndiye wa kuangaliwa zaidi akihamia mjini penye soda na mikate ya kukaanga.

Mawese je? Hayana kolesteroli, kwa kuwa yanatoka kwenye mmea, ingawa karibu nusu yake ni mafuta yanayoganda (saturated). Mtoto mwembamba wa bonde la Ruzizi simnyimi: kijiko kimoja kwenye sombe, pamoja na ndagala zilizosagwa na mifupa yake, humpa nguvu, protini, kalsiamu na vitamini A.

Ukiona miguu ya mtoto imevimba, mpeleke kituo cha afya siku hiyohiyo, wala usingoje apungue uzito.