Dawa ya Lehemu Uzeeni: Nani Anywe, Nani Afikirie Upya?

Wazee wawili wa miaka 77 wanaweza kuingia dukani kwangu asubuhi moja wakiwa na majibu ya maabara yanayofanana kabisa. Mmoja aliwahi kupata kiharusi. Mwenzake hajawahi kuugua moyo wala mishipa. Yule wa kwanza namsihi asikose kidonge chake hata usiku mmoja. Wa pili namwambia, "Kaa kwanza tuongee." Mimi ni mfamasia hapa Tanga, na hiyo tofauti baina ya wazee hawa wawili ndiyo ninayotamani kila mwenye mzazi mtu mzima aielewe. Watu huniletea karatasi wakaniuliza lehemu imefika ngapi, wakati swali lenye uzito ni jingine: dawa hii itamkinga mzee huyu na nini, na faida yake itamfikia lini?

Lehemu, ile kolesteroli ya kwenye karatasi za maabara, si sumu. Mwili unaitumia kujengea seli na kutengenezea homoni, na sehemu kubwa hutengenezwa na ini lenyewe. Ndiyo maana hata asiyegusa samli wala nyama nono anaweza kuwa nayo nyingi. Tatizo ni ile inayobebwa kama LDL. Ikizidi, hujipenyeza kwenye kuta za mishipa na kujenga utando mwaka hadi mwaka. Siku utando ukipasuka, damu huganda juu yake na njia huziba. Ikiziba kwenye moyo ni mshtuko wa moyo. Ikiziba kwenye ubongo ni kiharusi.

Dawa zinazotumika zaidi ni statini: atorvastatini, rosuvastatini, simvastatini na ndugu zao. Hupunguza utengenezaji wa lehemu kwenye ini, nalo ini likipungukiwa huivuta LDL kutoka kwenye damu. Mjapani Akira Endo ndiye aliyegundua ya kwanza kwenye ukungu miaka ya 1970. Mwaka 1994, utafiti wa nchi za Skandinavia uliohusisha wagonjwa wa moyo 4,444 ulionyesha kuwa simvastatini ilipunguza vifo kwa asilimia 30. Tangu hapo hakuna ubishi kuhusu mtu ambaye tayari ana ugonjwa wa moyo.

Lakini katika utafiti ule hakuna aliyeandikishwa akiwa amepita miaka 70. Wazee walikuja kuchunguzwa baadaye. Mwaka 2002 yalitoka matokeo ya watu 5,804 wa Scotland, Ireland na Uholanzi, wenye miaka 70 hadi 82. Kwa muda wa miaka mitatu hivi, pravastatini iliwapunguzia matatizo ya moyo, ingawa kiharusi hakikupungua. Mwaka 2019 watafiti walikusanya majaribio 28 yenye watu karibu 187,000, na zaidi ya 14,000 kati yao walikuwa wamepita miaka 75. Waliokwisha kuugua moyo au mishipa walifaidika hata katika umri huo. Kwa wasiowahi kuugua, ushahidi ulikuwa mwembamba. Kwa sababu hiyo, mwaka 2022 jopo la wataalamu wa kinga nchini Marekani lilisema ushahidi hautoshi kushauri ama kunywa ama kutokunywa kwa mtu wa miaka 76 na kuendelea ambaye hajawahi kuugua.

Halafu kuna suala la muda. Uchambuzi wa mwaka 2021 uliwaangalia watu wa miaka 50 hadi 75 ambao hawajaugua. Ukiwapa 100 statini, inachukua kama miaka miwili na nusu kumwepusha mmoja wao na mshtuko wa moyo au kiharusi. Kwa bibi wa miaka 76 anayelima bustani yake na kwenda sokoni kwa miguu, miaka miwili na nusu si mbali. Kwa mgonjwa wa saratani iliyoenea mwilini, hesabu ni nyingine kabisa. Mwaka 2015 yalitoka matokeo ya jaribio la Marekani lililohusisha wagonjwa 381 waliokuwa karibu na mwisho wa maisha. Baadhi waliendelea na statini, wengine wakaacha. Haikuonekana tofauti ya wazi ya vifo, na walioacha walijisikia vizuri zaidi. Kumpunguzia vidonge mgonjwa wa namna hiyo, kwa ushauri wa daktari, ni sehemu ya kumtunza.

Madhara nayo yasemwe kwa ukweli. Babu mmoja aliyefanya kazi kwenye mashamba ya mkonge alikuja na mwanawe wa kiume, akalalamika mapaja yanamuuma akipanda ngazi. Nikamwomba dawa zake zote. Akafungua kikapu, akazipanga juu ya kaunta: amlodipini ya presha, metformini ya sukari, kisha maboksi mawili ya rangi tofauti.

"Hivi viwili unakunywa vyote, babu?"

"Vyote, mwanangu, kila usiku. Hiki cha hospitali, hiki kaniletea dada yake huyu kutoka Dar."

Yote mawili yalikuwa atorvastatini, kampuni tofauti. Familia nzima ilikuwa inampenda, na kila mmoja alimnunulia kwa upande wake. Nilimpigia daktari wake, kikabaki kimoja.

Si kila maumivu husababishwa na dawa. Jaribio moja la Uingereza, ambalo matokeo yake yalitoka mwaka 2020, liliwachukua watu 60 walioacha statini kwa kushindwa kuzivumilia. Miezi mingine walipewa statini, mingine kidonge kisicho na dawa, mingine hawakupewa kitu. Karibu asilimia 90 ya adha waliyoipata kwenye statini waliipata pia kwenye kidonge kitupu. Maumivu yao yalikuwa ya kweli. Ila chanzo mara nyingi hakikuwa dawa. Mzee akilalamika, basi, asikilizwe na apimwe. Misuli ikiuma sana, nguvu zikiisha, au mkojo ukiwa mweusi kama chai ya rangi, apelekwe hospitali siku hiyohiyo.

Tena zipo dawa zisizopatana. Simvastatini haichanganywi na klarithromaisini wala erithromaisini, wala na dawa za kufubaza VVU zenye ritonavir. Juisi ya balungi kwa wingi nayo huongeza kiwango cha simvastatini na atorvastatini kwenye damu. Na statini hupandisha sukari kidogo, jambo ambalo kwa aliyekwisha kuugua moyo halizidi faida anayoipata.

Ukienda na mzee wako kliniki, uliza: je, aliwahi kupata mshtuko wa moyo au kiharusi? Kama hajawahi, ana kisukari, presha, figo dhaifu, anavuta sigara? Ana dawa ngapi tayari? Kipimo kidogo kinaweza kumtosha? Kisha, la muhimu kuliko yote, aulizwe mwenyewe anaogopa nini. Mwalimu mmoja mstaafu wa miaka 78, ambaye hajawahi kuugua moyo, aliniambia kifo hakimtishi. Kinachomtisha ni kulala kitandani akilishwa na wajukuu. Alichagua kunywa. Jirani yake, mwenye hali inayokaribiana na yake, alisema vidonge saba kwa siku vimemchosha, hataki cha nane. Daktari aliwakubalia wote wawili, nami nilikubaliana naye, kwa sababu pale ambapo ushahidi haujakata shauri, mwenye mwili ndiye anayekata.

Asichopaswa kufanya mtu yeyote ni kuacha kimyakimya. Kila mwezi nawaona waliokwisha kupata kiharusi wakiweka kidonge pembeni kwa kuwa wamesikia kitunguu saumu na limau vinatosha, au kwa kuwa namba imeshuka wakadhani wamepona. Namba imeshuka kwa sababu ya dawa, ukiiacha, itapanda. Chakula chenye mafuta kidogo, kutembea na kuacha sigara vinakwenda pamoja na kidonge, havichukui nafasi yake. Na uamuzi wowote mliofikia, urudieni na daktari kila mwaka na kila mzee anapotoka kulazwa, dawa zake zote zikiwa mezani. Mwili wa miaka 72 si wa miaka 84, na dawa iliyofaa jana inastahili kuulizwa tena leo.