Kimbunga cha Madagaska, Maji ya Mathare

Ijumaa ya tarehe 3 Mei 2024, Rais William Ruto wa Kenya alilihutubia taifa akaahirisha kufunguliwa kwa shule bila kutaja siku mpya. Miongoni mwa mambo aliyoyataja ni kimbunga kilichokuwa kikikaribia pwani, jina lake Hidaya. Kesho yake kimbunga hicho kikatua Kisiwa cha Mafia, Tanzania, kikiwa kimeanza kuishiwa nguvu. Watu wa pwani ya Kenya walikuwa wameonywa kuhusu upepo na mawimbi. Lakini mkaazi wa Mathare, Nairobi, aliyesikia tangazo hilo redioni, zaidi ya kilomita 400 kutoka baharini, alikuwa na haki ya kuuliza: kimbunga gani tena? Maji yalikuwa yameshapita chumbani kwake wiki iliyotangulia.

Swali hilo lina majibu mawili yanayoonekana kupingana. La kwanza ni kwamba kimbunga hakiwezi kufika Nairobi. La pili ni kwamba kinaweza kuileta mvua ya Nairobi, tena kikiwa mbali sana, upande wa pili wa Madagaska.

Tuanze na lile la kwanza. Ili kimbunga kiumbike panatakiwa bahari yenye joto la nyuzi 26 na nusu hivi za Selsiasi, na panatakiwa mzunguko wa dunia. Hewa hukimbilia mahali ambapo kanieneo imeshuka. Dunia nayo inajizungusha, kwa hiyo hewa inayosafiri masafa marefu hupinda njiani. Kusini mwa ikweta hupinda kushoto, ndiyo maana vimbunga vya upande wetu huzunguka kufuata mwendo wa akrabu za saa. Ukiisogelea ikweta, kupinda huko hupungua hadi kuisha. Ndani ya nyuzi 5 hivi za latitudo hewa huenda moja kwa moja hadi katikati, ikajaza lile pengo, na kimbunga kikafa kabla hakijazaliwa. Mombasa iko nyuzi 4. Lamu 2. Nairobi iko nyuzi 1 na kidogo, tena juu ya mita 1,600 kutoka usawa wa bahari, na kimbunga kikishaiacha bahari huwa kimekatiwa riziki yake.

Historia inakubaliana na hesabu. Aprili 1952 kimbunga kiliipiga Lindi, nyuzi 10 kusini. Mafia ya Hidaya iko karibu nyuzi 8. Tarehe 15 Aprili 1872 kimbunga kiliiangukia Unguja, nyuzi 6, kikaharibu merikebu za Sultan Barghash na kung'oa mikarafuu kwa wingi. Pemba ilisalimika kwa kiasi kikubwa, na karafuu ikahamishia makao yake huko hadi leo. Kaskazini ya ikweta, Novemba 2020, kimbunga Gati kiliingia Somalia karibu na Ras Hafun. Kenya imekaa katikati ya pande hizo mbili. Si ulinzi wa kudumu, maana bahari inazidi kupata joto na Hidaya yenyewe ilikuja baada ya tarehe 30 Aprili, siku ambayo msimu wa vimbunga wa kusini-magharibi mwa Bahari ya Hindi huhesabiwa kuwa umefungwa kwa sehemu kubwa ya eneo hilo. Hata hivyo, mpangaji wa Kayole asipoteze usingizi akiwazia mabati yake yakipeperushwa na jicho la kimbunga.

Awazie mahali kimbunga kilipokaa. Kimbunga huvuta hewa kutoka mbali sana, na inayovutwa hutegemea kipo wapi. Kikikaa mashariki ya Madagaska, kinaweza kusaidia kuvuta pepo za magharibi zivuke bara: hewa yenye unyevu ya Kongo hupita juu ya Ziwa Viktoria, hupanda nyanda za juu za Kenya, na inapopanda hupoa ikamwaga maji. Machi 2018 vimbunga viwili, Dumazile kisha Eliakim, vilipita upande huo wa Madagaska, na mwezi huohuo mvua kubwa zikaanza Nairobi, katika msimu uliokuja kuwa miongoni mwa misimu yenye mvua nyingi zaidi kuwahi kupimwa nchini. Mwaka uliofuata ikawa kinyume. Idai, kimbunga kingine, ilijikita katika mlango-bahari wa Msumbiji kabla ya kuipiga Beira usiku wa tarehe 14 Machi 2019, na wataalamu wa hewa wakaeleza kwamba imeuvuta unyevu kwenda kusini. Mvua ya masika ilichelewa Kenya, wakulima wakabaki wakitazama mawingu matupu.

Kwa hiyo habari ikitaja kimbunga, ukali wake ni jambo la Beira au la Mafia. Mtu wa Eastlands, mitaa ya mashariki ya Nairobi, aulize kipo upande gani wa Madagaska. Jibu halitoshi kutabiri mafuriko, maana mvua ya Nairobi ina mabwana wengi: joto la Bahari ya Hindi, El Niño, mawimbi ya mawingu yanayoizunguka dunia. Mafuriko ya Aprili 2024 yalitangulia Hidaya, na wanaomlaumu Hidaya kwa maji ya Mathare wanamsingizia.

Sasa tushuke mitaani. Nairobi imeinama kuelekea mashariki. Mto Nairobi unatoka bwawa la Ondiri, Kikuyu. Mto Ngong unapita Kibera na Bwawa la Nairobi kabla ya kuingia Mukuru. Mto Mathare unashuka bondeni kupitia Mathare na Huruma. Yote hatimaye huungana, huingia Athi, na maji hayo yakatokea baharini karibu na Malindi kwa jina la Sabaki. Maana yake ni kwamba mvua ya Dagoretti, iliyo juu upande wa magharibi, ni mafuriko ya Mukuru, saa chache baadaye. Anga la Eastlands linaweza kuwa na nyota huku mto ukipanda. Na kwa kuwa mvua ya masika jijini hupenda kuanza jioni na kuendelea usiku, maji mara nyingi hubisha hodi watu wakiwa wamelala.

Idara ya Hali ya Hewa, yenye makao yake Dagoretti Corner, huonya mvua ikitarajiwa kuzidi milimita 20 kwa saa 24. Watu wengi husikia namba hiyo ikapita. Tuifanyie kazi. Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ni lita moja. Chumba cha futi kumi kwa kumi, kile ambacho nusu ya Eastlands inakijua kwa kukilipia kodi, kina paa la mita za mraba zaidi ya tisa. Milimita 20 juu ya paa hilo ni mitungi tisa ya lita 20, na bado. Ploti ya vyumba ishirini inamwaga mitungi zaidi ya 180 kwenye ujia mmoja, kabla hujahesabu barabara, ploti ya jirani na kilichotoka Dagoretti. Chini kuna udongo mweusi ambao ukishalowa hufura ukakataa kunywa tena, au kuna saruji ambayo haikuwahi kunywa.

Hapo ndipo mitaa inapotofautiana. Kaloleni ilijengwa miaka ya 1940 ikiwa na nyumba za chini na uwanda wa majani mkubwa katikati; mvua ilipata pa kuzama. Umoja na Dandora, za miaka ya 1970, zilipimiwa mitaro ya nyumba ndogo, kisha magorofa yakasimama juu ya mitaro ileile. Mathare na Mukuru hazikupimiwa mitaro yoyote. Njia ya maji ni njia ya watu. Ukiongeza takataka, na dampo la Dandora kando ya Mto Nairobi, utaona kwa nini daraja dogo lenye mdomo ulioziba huzamisha nyumba nyingi kuliko wingu lenyewe.

Maandalizi, basi, huanza Januari na Februari, jua likiwaka na hakuna anayetaka kusikia habari za mvua. Kazi yenye faida kubwa kuliko zote ni kuzibua mtaro, na ni kazi isiyofanywa na mtu mmoja, kwani ukizibua wako tu unamtumia jirani wa chini mafuriko yako. Mpango wa Kazi Mtaani, ulioanza 2020, uliwalipa vijana kufanya hasa hilo. Ulipokoma, mitaro mingi ilirudia hali yake. Pale ambapo keateka na vijana wa mtaa wanaelewana, koleo hutoka bila kungoja serikali.

Ndani ya nyumba, watu wa bondeni wana maarifa yao. Kizingiti cha saruji kinachomkwaza mgeni mlangoni kimewekwa makusudi. Kitanda huinuliwa kwa matofali. Vitambulisho, vyeti vya kuzaliwa na karatasi za shule hufungwa ndani ya mfuko wa nailoni na kuning'inizwa juu ukutani, kwa sababu godoro hununuliwa tena lakini cheti kinakula siku nzima kwenye foleni. Maji safi huwekwa akiba kabla ya mvua: mabomba ya plastiki ya wauza maji hupita ndani ya mitaro, na mtaro ukijaa, maji machafu ya choo huingia kwenye kila ufa. Stima huzimwa mapema. Nyaya za kuunganishiwa kiholela, zinazoning'inia usawa wa bega, huua hata pale ambapo maji hayafiki magotini. Na kwenye ukingo wa mto, mtu mmoja hukesha.

Linalobaki gumu ni kuhama. Mapema Mei 2024 serikali iliwaamuru wakaazi wa kingo za mito waondoke, ukingo ukihesabiwa mita 30, na matingatinga yakaingia Mathare na Mukuru huku mvua ikiendelea. Baadaye Rais aliahidi shilingi 10,000 kwa kila familia iliyovunjiwa. Hoja ya usalama ilikuwa ya kweli; hakuna anayebisha kwamba mto una haki ya ukingo wake. Lakini amri ya kuondoka isiyo na mahali pa kwenda huwahamishia watu hatarini kwingine, na wengi walirudi kujenga palepale kwa mabati yaleyale, kwa kuwa kibarua cha Industrial Area kinafikika kwa miguu kutoka Mukuru.

Mahali pa kwenda usiku mmoja ni jambo dogo zaidi, na linawezekana. Mwaka huo familia zilikimbilia makanisani na madarasani. Madarasa yana kasoro moja: shule zilifunguliwa tarehe 13 Mei, na darasa haliwezi kuwa na wanafunzi na magodoro kwa pamoja. Ukumbi wa mtaa, msikiti au kanisa lililoko juu ya mteremko ndilo la kuombwa, na ombi lenyewe lipelekwe kabla ya masika: nani ana ufunguo saa nane usiku, wazee watabebwa na nani, choo kiko wapi.