Papa wa baharini: aina zaidi ya 500, unazitambua namna gani?

Kwanza tuelewane juu ya jina. Kwetu hapa Kongo, ukisema "papa", mutu anawaza baba wa nyumba. Lakini mu Kiswahili cha pwani, papa ni ule samaki wa bahari wenye kuogopwa sana, ule Wafaransa wanaita requin. Filamu zimetuzoesha kuona papa wa namna moja tu: mukubwa, mukali, mwenye kula watu. Sivyo. Wenye elimu wamekwisha kuhesabu aina zaidi ya 500, na zingine zinaendelea kugunduliwa.

Kwa nini tujisumbue kuzitofautisha? Muvuvi wa Uvira ao Kalemie hawezi kuchanganya ndagala na mukeke ao sangala. Bei si moja, na kila samaki iko na namna yake ya kuvuliwa. Kwa papa ni vilevile, tena kuko jambo lingine: sheria inamulinda papa kwa jina la aina yake. Kama mwenye kukagua muzigo hajui jina, sheria inabaki karatasi tu.

Huyu ni papa kweli?

Angalia mukia. Mukia wa papa umesimama wima, unapiga kushoto na kuume. Ule wa pomboo umelala, unapiga juu na chini. Pomboo anapanda juu kuvuta hewa na ananyonyesha watoto wake. Papa anapumua ndani ya maji.

Kiisha, mifupa. Samaki tunaokula ku ziwa wako na mifupa migumu, ile inakwamaka kwenye koo. Papa hana mufupa hata mumoja. Mwili wake umeshikwa na gegedu, kitu kigumu lakini chenye kupindika, kama kile unagusa kwenye sikio lako.

Taa, ule samaki bapa wa bahari, ni ndugu wa papa na yeye pia iko na gegedu. Namna ya kuwatenga ni matundu ya kupumulia: papa iko nayo pembeni, taa iko nayo chini, upande wa tumbo. Hata kati ya samaki wenye pua ndefu kama musumeno, wengine ni papa, wengine ni taa, na ni yale matundu njo yanatoa jibu.

Maulizo matatu ya kwanza

Ukisha kujua ni papa, unaanza kwa kuhesabu. Matundu ni mangapi kila upande? Papa wengi wako na 5. Wachache wako na 6 ao 7; hao wanaishi zaidi mu kilindi, tena wako na pezi moja tu ya mugongo wakati wengine wako na mbili.

Ulizo la pili: chini ya tumbo, karibu na mukia, kuko pezi ao hakuna? La tatu: mbele ya mapezi ya mugongo kuko mwiba? Kwa alama kama hizo, wataalamu wanapanga papa wote wa dunia mu makundi machache makubwa, mbele ya kufika ku jina la kila mumoja. Mu 1984, FAO, shirika la Umoja wa Mataifa la chakula na kilimo, ilitoa kitabu cha Leonard Compagno chenye kufuata njia hiyo, na mupaka leo wengi wanajifunza kupitia kazi yake.

Kichwa, meno na ukubwa

Papa nyundo anajulikana mbali, kwa sababu kichwa chake kimepanuka pande mbili. Lakini hata yeye si mumoja. Kama ukingo wa mbele wa kichwa umepinda na katikati kuko kibonde, ni aina moja. Kama umepinda bila kibonde, ni ingine. Kama karibu unyooke, na pezi ya mugongo ni ndefu sana, ule ni papa nyundo mukubwa.

Meno yanasema anakula nini. Papa mweupe iko na meno ya pembe tatu yenye makali kama musumeno, ya kukata nyama ya wanyama wakubwa kama sili. Mako iko na meno membamba na marefu, ya kukamata samaki wenye mbio.

Na ukubwa? Potwe, papa mwenye madoa meupe, njo samaki mukubwa kupita wote duniani. Anaweza kupita metre 12. Anachuja vidudu vidogo vya maji, na watalii wanaogelea karibu yake ku kisiwa cha Mafia, Tanzania. Kando yake, kuko papa wa kilindi cha bahari ya Kolombia na Venezuela, mwenye karibu sentimetre 20 tu.

Mwenye kuingia mu mito

Papa wengi wanakufa mu maji baridi. Lakini papa buldogi, mwenye mwili munene na pua fupi, anaweza kutunza chumvi ya mwili wake. Amepatikana mu Zambezi, mu ziwa Nikaragua, na mu Amazon mupaka Peru. Wakaaji wa kando ya Tanganyika na Kivu wasiogope: kwetu hakuna.

Jina linaokoa

Kila mwaka, kwa dunia yote, mashambulio ya papa bila kuchokozwa ni chini ya 100. Wenye kuwa mu hatari ni wao. Mu 2021, wachunguzi walionyesha kama zaidi ya sehemu moja kwa tatu ya papa na ndugu zao wanaweza kutoweka, hasa sababu ya kuvuliwa kupita kiasi. Papa anazaa watoto wachache na anakawia kukomaa. Ule wa Groenland anafikiriwa kungoja karibu miaka 150 mbele ya kuzaa.

Biashara kubwa ni ya mapezi. Yakisha kukatwa na kukauka, aina nyingi zinafanana. Ni kwa hiyo, mu mukutano wa Panama mu 2022, inchi za mapatano ya CITES ziliweka jamaa nzima ya papa buldogi chini ya ukaguzi, pamoja na papa nyundo wote. Kwa hiyo mufanyabiashara hawezi tena kujificha nyuma ya kusema "hii ni aina ingine".

Kongo yetu iko ndani ya CITES tangu 1976, na ku Muanda tuko na pwani, hata kama ni fupi. Papa wenye kulindwa wanapita mu bahari ile. Muvuvi na afisa wa forodha wa kule, kama wanaweza kusoma kichwa, pezi na jino, wanaweza kuachilia ao kukamata kwa haki.