Kupanda ni Siku Moja, Kulea ni Miaka

Akina mama na walezi wa nyumba, Kithyoko, katika nchi kame ya Masinga kaunti ya Machakos, si mbali nasi kama tudhaniavyo. Mto Tana ulijazao bwawa la Masinga ndio uteremkao hata Kipini.

Mti huvuta hewa ya ukaa na kuihifadhi shinani na mizizini. Ukichomwa makaa, hewa hiyo hurudi angani na kuzidisha joto la dunia. Kwa hiyo, Desemba 2022, serikali ya Kenya ilizindua mpango wa kupanda miti bilioni 15 ifikapo mwaka 2032, ili miti ifunike asilimia 30 ya nchi.

Azma hiyo twaiunga mkono. Lakini penye mvua haba kama Kithyoko, mche uliopandwa Novemba ukaachwa, Februari huwa kijiti. Tuhesabu basi miche iliyo hai, si mashimo yaliyochimbwa. Wenzetu wa Gazi, Kwale, wametuonyesha njia: kupitia mradi wa Mikoko Pamoja wanalinda hekta 117 za mikoko, na fedha za kaboni zimewafaa kwa maji na shule.

Mtume (S.A.W.) ametufundisha kuwa tunda aliwalo mtu au ndege ni sadaka kwa aliyepanda. Kila nyumba, Kithyoko hata Kipini, ipande mti uhimilio ukame, kama mwarobaini. Mtoto mmoja akabidhiwe kuulea, na maji yaliyooshea mboga yamwagwe shinani pake.