Hadithi Isiyoitikiwa Haisikiki

Tukichanga pesa kwa ajili ya nasari tunafikiria kwanza uji, madawati na choo. Ni sawa. Safari hii tuongee juu ya ile robo saa ambayo mwalimu anashika kitabu na kuwasomea watoto hadithi.

Sisi wenyewe tulianza vibaya. Tuliketi mbele ya watoto thelathini na kitu hapa Yamumbi tukasoma mwanzo hadi mwisho, kama mtu anayesoma matangazo baada ya Misa. Watoto walinyamaza kabisa, nasi tukafurahi: kumbe wana adabu! Tulipouliza fisi alienda wapi, hakuna aliyejua. Mmoja alikuwa amelala.

Nyanya mmoja aliyemleta mjukuu wake alitucheka. "Nyinyi mnaongea na kitabu, hamwongei na watoto." Alikuwa na haki. Msimuliaji akisema "Paukwa!" hungoja "Pakawa!" ndipo aendelee. Wakikuyu wana gwata ndaĩ yao, Wakalenjin wana tangoch yao, na hakuna kitendawili kinachoenda bila mwingine kujibu. Mtoto wetu amezoea kuitikia. Kumnyamazisha ati kwa sababu sasa ni kitabu ni kumnyang'anya kile anachokijua.

Basi mwalimu akisome kitabu peke yake siku iliyotangulia. Watoto wakae karibu, kwenye mkeka, na kitabu kiwaelekee wao ili waone picha. Aanze na jalada: mnaona nini hapa? Katikati, kabla ya kufungua ukurasa, atulie kidogo: sasa sungura atafanya nini? Abahatishe kila anayetaka, maana hapo hakuna kukosa. Maneno yanayorudiwa wayaseme wote, na fisi akichechemea nao wachechemee. Lakini asisimame kila mstari, hadithi itakatika. Mara mbili tatu zatosha.

Na kitabu hicho hicho kisomwe tena kesho. Watu wazima ndio huchoka nacho, watoto hawachoki. Mara ya kwanza wanafuata kisa, mara ya pili wanashika maneno, na ya tatu utamkuta mmoja amekishika juu chini akiwasomea wenzake kwa kichwa. Msimkemee. Hapo ndipo kusoma kunapoanza.

Jambo gumu kwetu ni lugha. Hapa mtoto wa nyumba ya Kikuyu anakaa mkeka mmoja na wa Kinandi na wa Kiluhya. Tangu ripoti ya kamati ya Gachathi ya 1976, mwongozo nchini ni kwamba watoto wadogo wafundishwe kwa lugha ya eneo lao, na palipo mchanganyiko Kiswahili ndicho kinachotumika. Vema, lakini mtoto wa miaka minne hajakijua vizuri. Tulikuwa na msichana mmoja ambaye hakusema neno karibu muhula mzima. Siku moja fisi alipolala chini na tumbo kubwa, akasema kitu kwa lugha ya mama yake, kwa sauti. Wengine wakacheka. Mwalimu akafunga kitabu kwa kidole: "Amesema fisi amevimbiwa. Mnaonaje, ni kweli?" Wakabishana mpaka kengele. Baada ya yale yaliyotupata hapa mwanzoni mwa 2008, hatuna haja ya kuwaeleza wazazi kwa nini mtoto asichekwe kwa lugha yake.

Vitabu ni ghali, tunajua. Lakini mradi wa African Storybook unatoa hadithi bure kwa Kiswahili na kwa lugha nyingine nyingi za Afrika. Mtu wa kikundi akienda Eldoret mjini anaweza kuzichapisha kwenye saiba. Shoneni kwa uzi wa gunia, jalada liwe la katoni. Na herufi ziwe kubwa, maana mwalimu atasoma kitabu kikiwa kimegeuziwa watoto.