Mwisho, Tamati na Hatima: Istilahi za Kuzungumzia Mchezo Uliowaudhi Wachezaji Wake

Katika Kiswahili tunayo maneno mengi yahusuyo kumalizika kwa jambo: mwisho, kikomo, tamati, hitimisho, hatima. Watu wengi huyachukua kuwa ni visawe, na katika mazungumzo ya kila siku hapana madhara makubwa. Lakini mfasiri, mwalimu na mtumishi wa serikali aandikaye taarifa hawana budi kujua kwamba kila neno katika hayo lina mahali pake. Madhumuni ya makala hii ni kuyapambanua maneno hayo kwa kutumia mfano mmoja ambao huenda utawashangaza baadhi ya wasomaji wetu: ugomvi uliozuka mwaka 2012 juu ya mwisho wa mchezo wa video.

Mfano huu umechaguliwa kwa sababu mbili. Kwanza, mchezo wa video umekwisha kuwa fani ya masimulizi kama zilivyo riwaya na tamthilia. Vijana wengi wanaijua fani hiyo vizuri, ilhali walimu wao hawana maneno ya kuwahoji kwayo. Pili, ugomvi wenyewe, ukiuchungua, ulikuwa juu ya neno moja: watunzi walifikiri wametoa mwisho, na wachezaji walikuwa wakidai kitu kingine.

Mchezo wenyewe

Mass Effect ni mfululizo uliotungwa na kampuni ya BioWare ya mjini Edmonton, Kanada. Michezo mitatu ya kwanza, iliyotoka mwaka 2007, 2010 na Machi 2012, ni hadithi moja. Tunasema mfululizo wa sehemu tatu, wala hatusemi utatu, kwa kuwa neno hilo la pili humpeleka msikilizaji kwenye elimu ya dini. Hadithi yenyewe ni bunilizi ya kisayansi, yaani hadithi ya kubuni iliyojengwa juu ya sayansi na ufundi, uliopo au unaokisiwa.

Mchezaji huwa Kamanda Shepard, mwanamume au mwanamke kwa hiari yake. Adui ni mitambo mikubwa yenye akili, ambayo jina lake kwa Kiswahili ni Wavunaji. Kila baada ya miaka 50,000 Wavunaji hurudi na kuangamiza mataifa yote yaliyoendelea katika galaksi. Kazi ya Shepard ni kuyaunganisha mataifa yenye chuki za siku nyingi ili yasimame pamoja.

Jambo lililoupa mchezo huu sifa ni kwamba uamuzi wa mchezaji haupotei. Kumbukumbu huchukuliwa kutoka sehemu moja hadi nyingine; aliyemwokoa mwenziwe katika sehemu ya kwanza aweza kumkuta katika ya tatu, na aliyemwacha afe hamwoni tena. Kwa miaka mitano wachezaji waliambiwa, kwa vitendo, kwamba wapandacho ndicho watakachovuna.

Kisha wakafika mwisho. Baada ya vita vikali mjini London, Shepard hukutana na akili ya kuundwa iliyojivika umbo la mtoto. Jina lake ni Catalyst, neno ambalo wanakemia wetu hulitafsiri kuwa kichocheo. Mtoto huyo hueleza kwamba ndiye mwenye Wavunaji, na kwamba huwatuma kwa sababu viumbe hai na mitambo waliyoiunda hawawezi kamwe kuishi kwa amani. Humpa Shepard njia tatu: kuwaangamiza Wavunaji pamoja na mitambo yote yenye akili, kuwatawala, au kuchanganya maumbile ya viumbe hai na ya mitambo yawe kitu kimoja. Mchezaji huchagua, na taa huwaka: nyekundu, buluu au kijani. Mandhari zifuatazo zilikuwa karibu zile zile kwa kila chaguo.

Wachezaji waliokasirika waliipelekea BioWare keki ndogo zipatazo 400, zilizopakwa rangi hizo tatu. Ladha yake ilikuwa moja. Si rahisi kuandika tahakiki fupi kuliko hiyo.

Walikosa nini?

Sasa tuyarudie maneno yetu. Mwisho ni mahali ambapo kitu hakiendelei tena. Barabara ina mwisho, mwezi una mwisho. Kikomo ni mpaka usiovukwa, kama kikomo cha mwendo. Tamati, kutoka Kiarabu, ni tangazo: waandishi wa miswada ya zamani waliliandika chini ya ukurasa wa mwisho kumwarifu msomaji kwamba kazi imetimia. Hitimisho ni kauli inayokusanya hoja zilizotangulia. Hatima ni matokeo ya mambo yaliyotendwa, yale yanayomfika mtu kwa sababu ya mwendo wake. Hatima, hitimisho, kuhitimu na hitima ni maneno ya shina moja la Kiarabu lenye maana ya kufunga na kutia muhuri. Lakini matumizi yetu yameyatenganisha, na utengano huo ni mali ya lugha.

Tukiupima mchezo huu kwa maneno hayo, twaona kwamba mwisho ulikuwapo, kwa kuwa hadithi ilikoma. Tamati ilikuwapo pia: mzee mmoja anamsimulia mtoto habari za Shepard, kisha maandishi yanamwalika mchezaji aendeleze sifa za shujaa huyo kwa kupata sehemu nyingine za ziada. Kilichokosekana ni hatima. Mambo matatu yathibitisha hayo.

Kwanza, mitambo mikubwa inayorusha vyombo kutoka nyota moja hadi nyingine ilivunjika yote. Katika sehemu ya ziada iliyotolewa mwaka 2011, kuvunjika kwa mtambo mmoja tu wa aina hiyo kuliua viumbe zaidi ya 300,000. Je, galaksi nzima imekufa? Mchezo haukujibu. Pili, wenzi waliokuwa na Shepard vitani mjini London walionekana ghafla ndani ya chombo chake, Normandy, kikikimbia angani, walifikaje humo? Mchezo haukujibu. Tatu, na hili ndilo kubwa, mchezaji mwenye hekima alikuwa amekwisha kuwapatanisha watu waitwao quarian na mitambo yao waliyoiunda, iitwayo geth, kwenye sayari ya Rannoch. Alipoambiwa na yule mtoto kwamba amani ya namna hiyo haiwezekani, ushahidi wa kinyume alikuwa nao mkononi, lakini hakupewa nafasi ya kuutoa.

Ngeli na hukumu

Hapa mfasiri wa Kiswahili hukutana na tatizo ambalo mtunzi hakulifikiria. Lugha yetu haimruhusu mtu asimame kando. Ngeli humlazimisha aamue. Geth mmoja, aitwaye Legion, huuliza kama chombo cha namna yake kina roho. Je, tuandike kina roho, au ana roho? Tukitumia upatanisho wa KI-VI, tumekwisha kujibu swali kwamba yeye ni kitu. Tukitumia upatanisho wa A-WA, tumejibu kwamba yeye ni mtu.

Katika mchezo, Legion husema sisi kwa muda wote, kwa kuwa ndani yake mna programu nyingi zilizoungana. Dakika zake za mwisho, anapojitoa ili wenziwe wapate akili kamili, husema mimi. Mfasiri mwangalifu atamwekea KI-VI tangu mwanzo katika vinywa vya wasiomwamini, na kuwahamishia A-WA kadiri wanavyomfahamu. Atakapobadili tu- kuwa ni- msomaji wa Kiswahili atayaona yote kwa herufi mbili.

Kwa ajili hiyo hata majina ya zile njia tatu yanataka uangalifu. Kuharibu ni kwa vitu. Kuangamiza na kuua ni kwa viumbe. Anayeandika kwamba Shepard aliwaharibu geth amemwondolea mchezaji dhambi kwa kitenzi. Njia ya pili iitwe kutawala na si kudhibiti, kwani kudhibiti kwaweza kuwa kwa muda, ilhali hapa Shepard anapoteza mwili wake ili awe mtawala wa milele. Njia ya tatu isiitwe muungano, neno ambalo siasa imelichukua, na ambalo hudhani kwamba walioungana wameridhia. Hapa hakuna aliyeulizwa. Usanisi, neno la wanakemia, lafaa zaidi: vitu viwili huingizwa ndani ya kimoja bila ya kutoa rai.

Kurefusha, kufasiri upya, kutunga upya

Wachezaji hawakukaa kimya. Walianzisha harakati za kudai mwisho mwingine, wakachangia zaidi ya dola 80,000 kwa ajili ya watoto wagonjwa ili kuonyesha kwamba nia yao haikuwa matusi. Mnamo Machi 2012, Ray Muzyka, mmoja wa waanzilishi wa BioWare, aliwaandikia waraka wa wazi, na tarehe 26 Juni 2012 ikatolewa nyongeza bila malipo.

Nyongeza hiyo ilikuwa kurefusha. Ilionyesha jinsi wenzi walivyopandishwa chomboni, ikaonyesha kwamba mitambo ya kurushia vyombo yaweza kutengenezwa, ikatoa picha za maisha ya baadaye. Ilitia pia njia ya nne, ya kukataa, ambayo Shepard akiishika mataifa yote huangamia, na maarifa yao huwafaa wale watakaokuja baadaye. Lakini hoja ya mtoto ilibaki bila ya kupingwa kwa ushahidi wa Rannoch.

Wachezaji wengine walifanya kufasiri upya. Walidai kwamba Shepard alikuwa ametiwa kasumba na Wavunaji, na kwamba mambo yote ya mwisho ni njozi. Kasumba ni neno linalofaa mno hapa. Asili yake ni afyuni, na katika enzi za kupigania uhuru lilitumiwa kwa fikra ambazo mtawaliwa hupandikizwa akaziona kuwa zake. Hata hivyo dai hili, kwa werevu wake wote, humwondolea mtunzi lawama bila ya kumpa mchezaji hatima.

Kutunga upya ni jambo la tatu, nalo si lazima livunje nyumba nzima. Kwa maoni yetu ingetosha kumpa Shepard haki ya kusema. Yule mtoto na atoe hoja yake. Kisha mchezaji alete mashahidi aliowapata njiani. Aliyepatanisha Rannoch awaite quarian na geth wasimame pamoja, na hoja ianguke. Aliyewaacha geth wauawe, au quarian waangamie, ajikute hana shahidi, na hoja ya mtoto imshinde kwa haki. Hapo njia tatu zingekuwa za yule aliyeshindwa kujenga amani, na aliyeijenga angefunguliwa njia yake mwenyewe, hata kama gharama yake ni kifo cha Shepard. Wengi wa waliolalamika hawakudai shujaa apone. Walidai kifo chake kiwe na uhusiano na maisha yake.

Je, mtunzi huwajibika kwa nani?

Wako wasemao kwamba msomaji hana haki ya kudai, na kwamba maji yakimwagika hayazoleki. Historia haikubaliani nao moja kwa moja. Arthur Conan Doyle alimwua Sherlock Holmes mwaka 1893, na mwaka 1903, baada ya wasomaji kumsihi kwa miaka, akamrudisha. Aidha, fasihi simulizi yetu wenyewe hainuki haki hiyo ya msikilizaji. Fanani aitapo paukwa, hana hadithi mpaka hadhira iitike pakawa. Anayeitika ameshiriki, na aliyeshiriki ana neno la kusema.

Lakini haki hiyo ina kikomo. Msikilizaji aweza kudai hatima. Hawezi kudai furaha. Tofauti hiyo ndiyo iliyopotea katika makelele ya mwaka 2012, na ilipotea kwa sababu pande zote mbili zilikuwa na neno moja tu la kutumia. Anayezungumza Kiswahili analo zaidi ya moja.

Kwa muhtasari, twapendekeza matumizi yafuatayo:

mwisho: mahali hadithi inapokoma;
tamati: tangazo la mtunzi kwamba kazi imetimia;
hatima: matokeo yanayowafika wahusika kutokana na matendo yao;
mchezo shirikishi: mchezo ambao uamuzi wa mchezaji hubadili hadithi;
kurefusha mwisho: kuongeza maelezo bila ya kubadili matokeo;
kufasiri upya: kuupa mwisho uliopo maana nyingine;
kutunga upya: kuandika matokeo mengine.

Mwalimu na amwulize mwanafunzi wake, si kama aliupenda mwisho wa hadithi, bali kama hatima ya mhusika ilistahili. Mtumishi aandikaye ripoti naye aweza kujiuliza vivyo hivyo anapofika ukurasa wa mwisho: ametia tamati tu, au amesema yatakayowafika watu?